Kumnakili Binadamu: Mbona Hatuulizi Mayai Yatatoka kwa Nani?



Miezi michache baada ya kumzika mwanawe wa pekee, mama mdogo alinipigia simu kutoka Tanga. Tulipomaliza salamu akashusha sauti: "Mwanangu, wewe unafanya kazi hospitalini huko Uingereza. Ni kweli wazungu wanaweza kumtengeneza mtu upya? Nywele zake ninazo." Mimi ni muuguzi, nimezoea maswali magumu, lakini hilo lilinikaba koo. Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Leo nalijibu kwa kirefu, maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Kwanza tuweke sawa sayansi yenyewe. Kondoo Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika taasisi ya Roslin, Scotland. Wataalamu walichukua chembe hai ya kiwele cha kondoo mzima, wakaiunganisha kwa umeme na yai la kondoo mwingine lililoondolewa kiini chake, kisha kiinitete kilichopatikana wakakipandikiza kwenye tumbo la kondoo wa tatu. Walianza na mayai 277. Akazaliwa Dolly peke yake. Mwaka 2018 Wachina wakatangaza kima wawili, Zhong Zhong na Hua Hua. Viinitete 79 vilipandikizwa kwa majike 21, na hao wawili ndio waliosalia. Kwa binadamu, kampuni ya Clonaid ilidai Desemba 2002 kwamba mtoto wa namna hiyo amezaliwa, lakini haikuleta ushahidi wowote.

Tuseme basi ingewezekana. Huyo mtoto angekuwa nani? Angekuwa kama pacha wa marehemu aliyechelewa kuzaliwa. Sura ingefanana, lakini asingekumbuka nyimbo alizoimbiwa yule wa kwanza wala asingejua utani wake na mama. Angekuwa mtu mwingine kabisa, anayedaiwa tangu siku ya kwanza awe mtu aliyekwisha kufa. Huo mimi nauita uonevu kwa mtoto.

Wengi wetu tukifika hapa tunasema ni kuingilia kazi ya Mungu, na mjadala unaishia hapo. Siwabezi wenye imani, nami ninayo. Ila mimi nina swali la wodini: hayo mayai mamia yatatoka kwa nani?

Yai la mwanamke haliokotwi. Anachomwa sindano za homoni kila siku kwa muda wa wiki moja hadi mbili, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Kisha sindano ndefu hupitishwa ukeni kwenda kuyavuna. Wengi hutoka salama. Wengine ovari huvimba na tumbo kujaa maji, na wachache damu huganda mishipani. Nimewauguza wanawake waliofikia hali hiyo. Wao walikuwa wanatafuta mtoto wao wenyewe, na walijua wanateseka kwa ajili ya nini.

Sasa tazameni yaliyotokea Korea Kusini. Profesa Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kutoka kwenye viinitete vya binadamu vilivyonakiliwa. Dunia ikampigia makofi. Uchunguzi ulipofanyika ikabainika kwamba data zilikuwa za kughushi, na Januari 2006 jarida la Science likayafuta makala yake. Lakini mayai yalikuwa ya kweli! Yalitumika zaidi ya 2,000. Baadhi ya wanawake walilipwa pesa, na wengine walikuwa watafiti wadogo katika maabara yake mwenyewe. Jamani, mtu aliye chini ya bosi wake anaweza kusema hapana?

Najua kuna watakaosema utafiti huu unatafuta tiba. Hoja hiyo ni nzito, na kweli mwaka 2013 wataalamu wa Oregon, Marekani, walifanikiwa kupata seli shina kwa njia hiyo. Ila tangu 2007 Mjapani Shinya Yamanaka alishaonyesha kwamba chembe za ngozi ya binadamu zinaweza kugeuzwa kuwa seli za aina hiyo bila kutumia yai hata moja, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Ikiwa njia ipo isiyogusa mwili wa mwanamke, kwa nini tusianze na hiyo?

Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kupinga jambo hili Machi 2005, kwa kura 84 dhidi ya 34, huku nchi 37 zikijizuia. Azimio hilo halimfungi mtu. Uingereza ilikataza kwa sheria mwaka 2001 kuzalisha mtu kwa njia hiyo, na katazo lipo hadi leo. Kwetu huduma ya kupandikiza mimba tayari ipo Nairobi na Dar es Salaam. Tujadili sasa nani analindwa, kabla hajaja mwenye pesa kutafuta mayai kwa binti asiye na karo. Mwenye shida hahitaji kulazimishwa. Shida yenyewe inatosha.

Mama mdogo nilimwambia hivi: "Mama, hizo nywele zitunze. Ni kumbukumbu yake, na yeye alikuwa mmoja tu." Alilia, nami nikalia. Kisha akaniuliza nitakuja lini arobaini ya kaka yangu ikishapita bila mimi.

Naomba kutoa hoja.