Gari la juu lina masharti yake

Wazazi wenzangu, swali linalorudi mara nyingi kwenye safu hii ni hili: tuna watoto watatu, barabara yetu ni ya vumbi, tununue gari gani? Wengi wanaouliza wameshachagua. Wanataka gari la juu.

Hivi karibuni nilikuwa Ulemo, wilayani Iramba, kwa mama mkwe. Shemeji alituachia RAV4 yake ya mwaka 2003, ile wengi wanayoiita Kilitime. Niliiendesha siku sita: shuleni, sokoni, kanisani, na siku moja tukateremka mlima Sekenke hadi Shelui.

Nianze na sifa. Ukiacha lami ya barabara kuu ya Singida–Nzega na kuingia njia za vijijini, mvua imechimba makorongo katikati ya barabara. Gari dogo lingekwaruza tumbo, hili lilipita. Unakaa juu, unamwona mbuzi kabla hajaamua kuvuka. Usukani ni mwepesi, na kugeuza gari kwenye uwanja wa shule hakukunitoa jasho. Kwa mafuta, lita moja ilitufikisha kilomita kama kumi.

Wepesi huo una sababu. RAV4, tangu ilipotoka mwaka 1994, haikujengwa juu ya chesisi nzito kama Land Cruiser za kazi. Bodi na chesisi ni kitu kimoja, kama gari dogo la kawaida. Kwa hiyo usilipigishe kwenye makorongo kwa mwendo ukidhani ni Land Cruiser. Pita taratibu.

Tena, si kila Kilitime huzungusha magurudumu manne. Soma kibao cha namba ya modeli kwenye gari. Ile ya milango mitano ikiandikwa ACA21, ina injini ya lita 2.0 na inavuta kwa magurudumu yote. Ikiandikwa ZCA26, ina injini ya lita 1.8 na inavuta kwa ya mbele tu. Na hata hiyo ya magurudumu manne, nguvu yake ni ya kukutoa kwenye tope. Kusimama, magari yote yana breki nne.

Sasa siku ya Shelui. Buti lilijaa mizigo ya watoto, nikafunga magunia mawili ya alizeti juu ya keria. Kona ya kwanza tu gari likalala upande, na binti yangu akauliza kutoka nyuma, "Mama, tunaanguka?"

Hatukuwa tunaanguka, ila mtoto alisema kweli. Gari la juu huinama zaidi kwenye kona, na mzigo wa juu huongeza kuinama huko. Nilisimama pembeni, tukashusha magunia, tukayalaza chini kabisa kwenye buti. Mabegi mepesi ndiyo yakapanda kwenye keria. Kona iliyofuata gari lilitulia.

Tuliposimama hapo ndipo nilipoona jambo lililonisumbua zaidi. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, amempakata mjukuu wa miaka miwili.

"Mama, naomba mtoto tumweke nyuma kwenye kiti chake," nikasema.

"Mwanangu, mumeo nilimbeba mgongoni kutoka hapa mpaka Kiomboi. Hakuanguka."

Nilinyamaza kidogo. Kumkosoa mkwe si jambo jepesi, na nyote mnajua. Kisha nikamwambia, "Kweli mama. Lakini ulimfunga kwa mbeleko. Kwenye gari, mkanda ndiyo mbeleko."

Akacheka, akamtoa mtoto mwenyewe.

Hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto gari likisimama ghafla kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto atumie kiti chake au kiti cha kumnyanyua hadi afike angalau miaka 10 au urefu wa sentimita 135. Na kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Sekenke tuliteremka kwa gia. Gari lilikuwa otomatiki. Kabla mteremko haujaanza nilitoa D nikaweka 2, injini ikalishikilia gari, mguu ukabaki wa kugusa breki tu. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata joto, mafuta yake yanaweza kuchemka, na pedali ikalainika pale unapoihitaji zaidi.

Je, ninalipendekeza? Kwa familia ya watu watano inayoishi kwenye barabara kama za Ulemo, ndiyo. Lakini kabla ya kulipa, mketishe kila mtoto nyuma na uvute kila mkanda, hasa wa katikati. Ukikuta umekatika au haufungi, matengenezo yake yaingie kwenye bei kabla ya redio na rimu.

Siku ya kurudi, mama mkwe alifika kwenye gari kabla yangu. Nilimkuta ameinama mlango wa nyuma, anamfunga mjukuu.

"Njoo uangalie," akasema, "kama mbeleko imekaza."