Mgeni wa klabu asikae meza kuu

Mgeni rasmi anaua mazungumzo. Nasema hivyo nikiwa katibu wa klabu ya mtaa hapa Ngamiani, Tanga, na barua za kualika watu waje kuzungumza na wanachama wetu naziandika mimi. Klabu yetu si kubwa. Ni chumba kimoja kipana na ua wa nyuma, tuna keram mbili, bao, viti vya plastiki na televisheni ya kutazamia mpira. Lakini Jumamosi moja kila mwezi tunaita mtu aje kutufundisha jambo, na ni hapo ninapoona klabu na vikundi vya mitaani vinapoteza kitu kikubwa kwa kung'ang'ania meza kuu.

Msomaji anaijua shughuli yenyewe. Tangazo linasema saa nane mchana. Saa nane wapo wazee wachache na watoto waliovutwa na muziki wa spika. Saa tisa na nusu gari linaingia, watu wanasimama. Mshereheshaji anaita meza kuu mmoja mmoja kwa cheo chake. Inasomwa risala, nusu yake shukrani na nusu yake maombi: mabati, seti ya jezi, spika mpya. Mgeni rasmi anasalimia vyeo vyote tena, anazungumza dakika kumi, anaahidi, inapigwa picha ya pamoja, anaaga kwa kuwa anasubiriwa kwingine. Mama aliyetoka nyumbani na swali lake anarudi nalo.

Simlaumu kiongozi. Yeye amekuja kufanya alichoitiwa. Shughuli ikishapangwa kwa meza yenye kitambaa upande mmoja na umati upande wa pili, hakuna atakayenyanyua mkono kusema, "Hapo sijaelewa." Na mtu asiyeweza kusema hajaelewa hajafundishwa kitu.

Sasa nieleze siku tuliyomwita muuguzi mstaafu, mama wa mtaa wa tatu kutoka kwetu, aje kuzungumzia selimundu, au siko seli kama wengi tunavyosema. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu; wataalamu wanakadiria takriban 11,000 kila mwaka. Idadi hiyo husomwa kwenye risala nyingi na watu hupiga makofi. Yeye alianza kwa namna nyingine. Aliomba ubao wa keram uletwe katikati, akatwambia tusogeze viti tuuzunguke.

Akachukua kete nne. Nyeupe na nyeusi akaziweka upande mmoja: "Huyu baba." Nyeupe na nyeusi upande wa pili: "Huyu mama. Wote wawili wazima, wanalima, wanavua, hawajui kama wana kete nyeusi." Kisha akaonyesha kwamba mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Akapanga njia zote nne mbele ya macho yetu: moja nyeupe tupu, mbili zenye mchanganyiko, moja nyeusi tupu. "Huyu wa nyeusi mbili ndiye anayeugua. Na kila mimba mnatia mkono upya. Msidhani aliyepata wa kwanza amemaliza zamu ya wadogo zake." Vijana wanaoshinda kwenye ubao ule kila jioni walielewa kabla hajamaliza sentensi.

Akaeleza dalili ambayo wengi wetu tuliwahi kuiona bila kuijua: mtoto mchanga wa miezi sita, saba, anavimba vidole vya mikono na miguu, analia hataki kushikwa. Nyumba ngapi za pwani hapo husemwa mtoto ametupiwa kitu, au mama mtu ndiye aliyekuja na mkosi? Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, kwa hiyo mke wangu siye aliyeuleta?" Muuguzi akamjibu, "Mmeuleta wote wawili, mwanangu. Nusu kwa nusu. Na hakuna aliyekosa." Kukawa kimya, kisha maswali yakafuatana mpaka adhana ya magharibi: kipimo cha damu kinapatikana wapi, penisilini ya kila siku mtoto anapewa mpaka umri gani, wachumba wapime kabla ya posa au baada.

Swali lile la yule baba lisingetoka mbele ya meza kuu. Nina hakika nalo kama nilivyo na hakika na jina langu.

Vivyo hivyo alipokuja msaidizi wa kisheria, binti mdogo wa umri wa wajukuu zetu, kuzungumzia nyumba ya ndoa. Hakusoma hotuba. Alianza na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachomkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kisha akauliza nani ana la kusema. Wanawake ndio waliosema siku ile, na wapo wanaume waliogundua kwamba saini waliyokuwa wakiidharau ina nguvu ya sheria.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba mtaa unajengwa na wakubwa. Mji huu wenyewe una jibu. Mwaka 1922, hapa hapa Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali, Waislamu na Wakristo pamoja, ili wakutane, wajielimishe na watetee hali zao. Miaka saba baadaye, 1929, African Association ikazaliwa Dar es Salaam, ikawa na nyumba yake New Street, mtaa tunaouita leo Lumumba. Mwaka 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, wanachama wa TAA, kama chama hicho kilivyokuja kuitwa, walimchagua kuwa rais wao mwalimu wa sekondari kutoka Pugu, kijana wa Kizanaki ambaye mjini Dar es Salaam alikuwa bado mgeni. Hakuja na msafara. Alikuja kama mtu wa kuzungumza na kuzungumzwa naye, akakaa kwenye baraza za wenyeji wakapimana hoja. Tarehe 7 Julai 1954 wakaunda TANU. Nchi hii imetoka kwenye viti vilivyopangwa duara.

Ninalotaka kulisisitiza zaidi, na ambalo viongozi wa klabu hulidharau, ni saa ile baada ya mazungumzo. Sisi tuna birika la kahawa chungu, kashata za nazi, na mwezi ukiwa mwema, vipande vya halua. Wapo wanaoona huo ni ulafi wa kumalizia siku. Mimi naona ni nusu ya pili ya somo. Mwenye aibu hanyanyui mkono mbele za watu, lakini akishika kikombe atasogea karibu na mgeni. Siku ya selimundu bibi mmoja alimvuta muuguzi pembeni karibu na karo, wakaongea muda mrefu. Sikusikia waliyoyasema na sikupaswa kuyasikia. Wiki iliyofuata alinijia kuuliza dirisha la kupimia damu hospitalini hufunguliwa saa ngapi. Mgeni anayekimbilia gari lake hampi bibi huyo nafasi hata kidogo. Kwa hiyo ninapomwalika mtu sasa namwandikia wazi: tunaomba saa yako ya mazungumzo, na tunaomba saa yako ya kahawa.

Muda nao ni wa kuutazama. Klabu nyingi hupanga mazungumzo usiku baada ya mpira, halafu hulalamika kwamba akina mama hawaji. Watakujaje saa tatu usiku? Sisi tumehamia baada ya alasiri, tukatandika mikeka uani kwa wenye watoto, na ukumbi umebadilika.

Kuna hoja moja nzito ambayo mweka hazina wetu huirudia, nami naiheshimu: tukiacha kuita wakubwa, mabati tutayapata wapi? Namjibu kwamba mabati yaombwe ofisini, siku ya kazi, kwa barua yenye muhuri na hesabu zilizonyooka. Ombi la namna hiyo hufuatiliwa. Ahadi iliyotolewa kwenye maikrofoni haina jalada wala namba ya kumbukumbu, na anayeifuatilia huonekana msumbufu.

Na diwani wetu, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa tunawataka sana kwenye klabu. Waje. Tunataka watueleze kwa nini mfereji wa barabara ya nyuma hufurika kila masika, bajeti ya kuuchimba ikoje, na sisi wakazi tunafanya kosa gani kutupa taka humo. Hayo ndiyo mazungumzo. Waje kwa miguu ikiwezekana, wakae kwenye kiti cha plastiki kama sisi, wasikatishe swali la mtu, na wasiondoke kabla ya kahawa.

Kwa makatibu wenzangu wa klabu, vikoba na vikundi vya mitaani: mwezi ujao, kabla hamjaandika barua kwa mwenye cheo, tembeeni mtaa wenu. Yumo fundi umeme anayejua kwa nini nyumba zinaungua, yumo mkunga, yumo mzee aliyevua samaki tangu utoto na anaweza kusema bahari imebadilika vipi. Mwombeni mmoja wao Jumamosi moja, mpangieni viti duara, na mchemshe kahawa ya kutosha.