Rangi za upinde wa mvua zinatudanganya

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Kuna kitu kinanikera kila ninapoletewa picha za wanasayansi ili ziende na habari. Utakuta mlima, au moyo wa mtu, umechorwa kwa pande tatu kwenye kompyuta, kisha ukapakwa rangi zote za upinde wa mvua: buluu kwa vipimo vidogo, halafu kijani, njano, mpaka nyekundu kwa vikubwa. Zinapendeza kweli, na wahariri wanazipenda. Mimi nasema zinadanganya.

Hebu tafakari. Nikikupa kadi za kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi, utazipanga bila kumwuliza mtu. Nikikupa buluu, kijani, njano na nyekundu, utaanza na ipi? Macho hayana jibu, mpaka usome ufunguo wa rangi (ambao magazetini mara nyingi hukatwa ili picha ienee!). Halafu njano inang'aa kuliko jirani zake, kwa hiyo unaona mpaka mkali mahali ambapo kipimo kinapanda polepole tu.

Kwenye umbo la pande tatu mambo huharibika zaidi. Jicho hutambua uvimbe na shimo kwa mwanga na kivuli. Sasa ukipaka rangi ambayo yenyewe inang'aa hapa na kukoza pale, mtazamaji atajuaje kama giza lile ni kivuli au ni kipimo?

Msidhani haya ni mambo ya urembo. Mwaka 2011 Michelle Borkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaonyesha wanafunzi wa udaktari picha za mishipa ya moyo. Kazi ilikuwa kutafuta sehemu ambazo damu inasugua ukuta wa mshipa kwa nguvu ndogo, maana hapo ndipo ugonjwa hupenda kuanzia. Kwa picha za pande tatu zenye upinde wa mvua, walizipata asilimia 39 tu ya sehemu hizo. Picha zilezile zilipobadilishwa rangi, wakapata asilimia 71. Na mishipa ilipochorwa bapa kwa rangi hizo mpya, wakafika 91. Kumbe hata hizo pande tatu tunazishabikia mno!

Watengenezaji wa programu walishashtuka. MATLAB iliacha upinde wa mvua kama rangi zake za kawaida mwaka 2014, na Matplotlib ikafuata mwaka 2017 kwa kuleta viridis, inayotoka zambarau iliyokoza na kung'aa hatua kwa hatua hadi njano. Hata asiyetofautisha nyekundu na kijani anaisoma.

Wapo wanaojitetea kwamba wataalamu wameshauzoea upinde wa mvua. Sawa, lakini msomaji wangu wa kwenye daladala ameuzoea lini?

Mimi picha ya namna hiyo ikifika mezani naigeuza kwanza iwe nyeusi na nyeupe. Mara nyingi buluu iliyokoza na nyekundu iliyokoza, yaani kidogo kabisa na kikubwa kabisa, zinatoka kijivu kinachokaribia kufanana. Ikiwa hivyo nairudisha kwa mwenyewe, naomba nyingine. Wenzangu wa vyumba vya habari, ninyi mnafanyaje?