Msiile ile "e"

Kabla ya Pasaka kwaya yetu ililetewa wimbo wa solfa ulionakiliwa kwa mkono, ukatolewa fotokopi ya fotokopi hata herufi zikafifia. Ufunguo G. Kwenye kiitikio waimbaji wa teno waliimba so, fa, so kama walivyoandikiwa, na kinanda kikawapinga. Mpiga kinanda alikuwa na nota za mistari, na kwake ile fa, yaani C, ina shapu. Tulirudia mara nne, sauti zinagongana palepale, mpaka mzee mmoja wa besi akasema: karatasi imekula herufi. Ilikuwa "fe", si "f".

Fe ni fa iliyopandishwa nusu toni. Pale wimbo ulikuwa unahamia ufunguo wa D, na fe ndiyo inayogeuka ti ya huko. Ukiimba fa, unabaki G huku wenzako wameshaondoka.

Wapo walimu wanaosema waimbaji wetu hawaiwezi fe, heri fa. Nakataa kabisa. Waambie hao wa teno waiite ile so "do", washuke ti, warudi do. Tayari wameimba so, fe, so, na hakuna aliyetoka jasho.

Kosa ni letu tunaonakili. Katika nota za mistari, shapu ikishawekwa hudumu hadi mwisho wa kipimo. Solfa haina urithi huo: kila nota hubeba herufi zake. Ukiandika "fe" mara ya kwanza na "f" mara ya pili ukidhani watu wataelewa, umebadilisha wimbo wa mtu.

Kuna pia tatizo la matamshi. John Curwen, mchungaji Mwingereza aliyeueneza mfumo wa solfa karne ya 19, alitumia "e" kwa kupandisha na "a" kwa kushusha, ndiyo maana ti ikishuka huwa ta. Lakini "e" yake husomwa kama "i" yetu. Sisi "r" tunaiita re, na re iliyopandishwa imeandikwa "re"! Kwangu wanakwaya huitamka ri, na fe huitamka fi. Utata umekwisha.

Ile karatasi nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, kila fe mahali pake. Mwalimu mwenzangu, kama unayo kabatini, tafadhali isahihishe kabla hujaipeleka tena kwenye fotokopi.