Paipu Kwanza, Pampu Baadaye

Mwenye hoteli au shule anayechimba bwawa la kuogelea Kitale au Bungoma huwa hakosi washauri. Wengi humwambia anunue pampu kubwa, mengine yatajipa. Ushauri huo humla pesa, na kuna siku unaweza kumuua mtoto. Nitaujibu dai kwa dai.

"Pampu kubwa husafisha maji vizuri zaidi." Si kweli. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5: hizo ni lita 48,000. Ili maji yote yapite kwenye chujio kwa saa 8, lita 6,000 kwa saa zinatosha. Hata msuguano wa paipu na chujio ukilingana na kuyapandisha maji mita 10, kazi hiyo inawezwa na pampu ya nusu farasi, yaani kilowati 0.37. Kwa saa hizo 8 itakula uniti 4 au 5 za stima. Ya farasi wawili itapita 12. Halafu kuna mchanga ulio ndani ya chujio. Chujio la kipenyo cha sentimita 50 lisipitishe zaidi ya lita 10,000 hivi kwa saa. Ukilisukumia mara mbili ya hapo, maji hujichimbia njia mchangani na uchafu unarudi bwawani. Mwenyewe anaona ukungu, anamwaga klorini, kumbe kosa ni pampu aliyoinunua ghali.

"Paipu ya inchi moja na nusu inatosha." Maji yatapita, ndiyo, lakini kwa kiasi kilekile cha maji msuguano wake ni takriban mara 4 ya ule wa paipu ya inchi 2, na msuguano huo utaulipia kwenye stima miaka yote. Upande wa kunyonya, kasi ya maji isizidi mita 1.8 kwa sekunde.

"Elbo moja zaidi haina neno." Elbo ya inchi 2 huzuia maji kama mita moja na nusu hivi ya paipu iliyonyooka. Mbaya kupita zote ni ile inayofungwa mdomoni mwa pampu. Hapo acha angalau sentimita 25 za paipu iliyonyooka.

"Pampu iliyofaa Mombasa itafaa Kitale." Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma kama 1,400. Maji huingia kwenye pampu kwa kusukumwa na uzito wa hewa iliyo juu ya bwawa. Pwani, hewa hiyo inaweza kuyainua mita 10.3 kwa hesabu ya vitabuni. Kitale ni kama 8.2, kabla hujatoa msuguano. Kwa hiyo ukijenga chumba cha pampu juu mteremkoni, ukakiunganisha kwa paipu nyembamba, utasikia sauti ya kokoto zikisagwa: ni mapovu ya mvuke yakipasuka na kuila impela, yaani gurudumu la pampu linalosukuma maji. Pampu ikae karibu na bwawa, na ikiwezekana chini ya usawa wa maji. Mota nazo kwa kawaida hupimwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, kwani hewa nyepesi haipozi vizuri. Baridi ya Kitale husaidia sana, lakini si ndani ya kibanda cha mabati kisicho na dirisha.

"Tundu moja la kunyonya sakafuni linatosha." Dai hili ndilo linaloniuma. Mwaka 2002 huko Marekani, Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alinaswa na mvuto wa tundu la namna hiyo ndani ya jakuzi, akafa maji. Sheria yenye jina lake ilipitishwa huko mwaka 2007. Weka matundu mawili yaliyoachana angalau mita moja, yaungane kwenye paipu moja bila valvu kati yao, kila moja na kifuniko kilichobinuka. Mwili wa mtoto ukiziba moja, maji yataendelea kuingilia la pili. Pampu iliyozidi kiasi huongeza mvuto huo. Kifuniko kikipasuka au skrubu ikilegea, zima pampu, watoe wote majini, na bwawa lisifunguliwe mpaka kingine kifungwe, hata kama ni Jumamosi na hoteli imejaa wageni.