Watu wa Chai na Hazina ya Serikali



Imekuwa desturi sasa katika baraza zetu, mtu akitaka kupigiwa makofi, husimama akasema kwamba Serikali inatumia mno na matumizi yapunguzwe, kisha akaketi. Yapunguzwe yepi? Hasemi, na akiulizwa hununa. Kabla hatujaifanya kauli hiyo kuwa itikadi ya chama, yatupasa tutazame khabari za Wamarekani waliojiita Tea Party, yaani watu wa Chai.

Harakati hiyo ilizuka mwaka 2009, na jina lake ni la kisa cha 1773, pale watu wa Boston walipotupa baharini makasha 342 ya chai kwa kuikataa kodi ya Waingereza. Insafu yataka tuseme kwamba ghadhabu yao ilikuwa na sababu, kwani mwaka 2008 mabenki yaliyojiponza wenyewe yalitengewa msaada wa hadi dola bilioni 700. Lakini sheria ile aliitia saini Rais George W. Bush, ambaye mwaka 2003 aliingia vitani Iraki na huku akipunguza kodi, na wakati ule hakuna aliyemwaga hata kikombe kimoja cha chai. Makelele yalianza alipoingia Barack Obama.

Mwaka 2009 Mbunge Robert Inglis wa South Carolina alisimulia kwamba mzee mmoja mkutanoni alimwambia Serikali isiiguse Medicare yake. Na Medicare ni nini ila matibabu ya wazee yanayolipwa na Serikali hiyo hiyo? Kila mmoja wao alitaka kikatwe kitoweo cha jirani.

Ama fitina kubwa ilikuwa ile ya mwaka 2011, walipokataa kikomo cha deni kisiongezwe. Jambo hili sisi wenye maduka twalifahamu barabara. Mtu huchukua unga, sukari na mafuta kwa daftari mwezi mzima, kisha siku ya kulipa huja akasema, "Nimeazimia kubana matumizi." Huyo hakubana kitu, amedhulumu. Kikomo kile hakikuwa ruhusa ya kununua vipya, bali ya kulipia yale ambayo Bunge lilikwisha yapitisha. Muafaka ulipatikana tarehe 2 Agosti, na siku tatu baadaye Standard and Poor's ikaishusha daraja ya mikopo ya Marekani kwa mara ya kwanza. Wakaguzi wa Bunge lao wenyewe walikadiria kwamba kule kuchelewa tu kuliiongezea Hazina gharama za kukopa zipatazo dola bilioni 1.3 mwaka ule. Hayo ndiyo matunda ya watu waliotaka kuokoa fedha!

Mwaka 2013 wakarudia. Serikali ilifungwa siku 16, na watumishi wapatao 800,000 wakarudishwa majumbani, kisha wakalipwa mishahara yao yote kwa siku ambazo hawakuruhusiwa kufanya kazi. Mishahara hiyo peke yake ilikuwa yapata dola bilioni 2. Sisi tuliokaa chuoni kwa maalimu tulifundishwa kuwa israfu ni haramu, nami sijui jina jingine la kitendo hicho.

Mick Mulvaney aliingia Bungeni kwa wimbi lao la 2010, na mwaka 2017 akawa mkuu wa bajeti wa Rais Trump. Disemba ya mwaka huo kodi zikapunguzwa, khasa za makampuni, na pengo la bajeti likapanda hata likafika dola bilioni 984 mwaka wa hesabu wa 2019, kabla ya maradhi ya korona. Zile halaiki zilizojaza viwanja mwaka 2009 hazikuonekana.

Basi atakayesimama tena barazani kwetu kudai matumizi yapunguzwe, na alete kifungu cha bajeti mkononi, asome jumla yake, aitaje hospitali au skuli anayokusudia, na atwambie kama mwanawe anasoma hapo.