Mnaoongea Puani

Hivi jamani, nani katuroga? Dada mmoja wa mtaani kwetu, digrii anayo na Kiingereza anakiandika hadi raha, aliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi. Akaulizwa, akajibu, tena sawasawa. Waliokaa mezani wakatazamana, wakaangua kicheko: eti lafudhi ya Kisukuma hiyo! Kazi akapewa mwingine, aongeaye puani. Na waliomcheka ni Waswahili wenzake watupu. Mwingereza hakuwamo hata wa dawa.

Wajanja nao wameshaiona riziki. Siku hizi kuna kozi za kuondoa lafudhi, utadhani lafudhi ni chunusi. Kuna hata programu ya kompyuta inayombadilisha mhudumu wa simu matamshi papo hapo, yeye yuko Ufilipino, mteja anasikia Mmarekani.

Sisemi tusijifunze. Yapo makosa yanayomzuia mtu kueleweka, hayo tuyakabili. Kiswahili kina irabu 5 tu. Kiingereza cha wasomi wa London kina kama 20, ukihesabu na zile za kuunganika. Ndiyo maana bad, bud na bird kinywani mwetu ni neno moja. Halafu mkazo, ambao naona ndio hasa unaotuponza. Wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hauna matata: piga, pigana, piganisha. Wa Kiingereza unatangatanga: photograph uko silabi ya kwanza, photographer ya pili, photographic ya tatu. Ukiukosea, msikilizaji anapotea njia. Haya mtu anayafanyia mazoezi nyumbani, anasikiliza redio na kufuatisha, wala halipi senti.

Ila kueleweka ni jambo moja, lafudhi ni jingine. Wataalamu wawili wa Kanada, Munro na Derwing, walionyesha mwaka 1995 kwamba msikilizaji anaweza kusema fulani ana lafudhi nzito, na papo hapo akaandika maneno ya fulani huyo bila kukosa hata moja. Na sisi tunaojiita watunzi, tumemsahau Joseph Conrad? Mpolandi yule alijifunza Kiingereza ukubwani, akabaki na lafudhi nzito mpaka kufa kwake mwaka 1924. Vitabu vyake ndivyo hivyo mnavyotahiniwa.

Halafu huyo Mwingereza mnayemwiga ni yupi? Wa Liverpool haongei kama wa Newcastle, na wote wawili hawaongei kama mtangazaji mliyemkariri.

Ninyi wa mezani, swali lenu lilikuwa moja tu: mgeni akifika mapokezi, atamwelewa huyu dada? Na mgeni mwenyewe, kwa biashara za mji huu, pengine ni Mchina au Mturuki, kaja na lafudhi yake.